MGENI HALI RANGI YA UKUTA



Matajiri wengi wa hoteli za Thika na Ruiru wana wimbo mmoja: wageni hawarudi, na kosa ni la weita. Weita hatabasamu, mpishi achelewesha chakula. Dawa yao ni kupaka ukuta rangi, kununua viti vipya na kutugombeza. Sisi wa jikoni na mezani twasema: mgeni hali rangi ya ukuta.

Tazameni wanaokuja huku. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, watu wa Nairobi wafika upesi, na watalii wa ng'ambo pamoja nao. Wengine waenda kutazama Fourteen Falls katika mto Athi, wengine kupanda Ol Donyo Sabuk, wengine kukaa kando ya maporomoko ya Chania pale Blue Posts, hoteli iliyoanza mwaka 1908. Maporomoko hayo hakuyatengeneza tajiri wala sisi. Mgeni huyatazama saa moja, kisha njaa yamshika, na hapo ndipo safari yake huhukumiwa. Akila vizuri na kukaribishwa vizuri, atasema Thika ni pazuri. Akingoja saa mbili aletewe nyama baridi, atasema Thika ni pabaya, na maji yote ya mto Athi hayataosha neno hilo.

Basi kwa nini nyama yafika baridi? Kwa sababu Jumapili weita wawili wapewa meza ishirini. Kwa nini weita hatabasamu? Kwa sababu hii ni siku yake ya kumi na mbili bila kupumzika, na jana alitoka kazini usiku wa manane. Hatutaji hoteli, kila tajiri ajijue. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mshahara isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hiyo ni haki, si zawadi. Na kibarua aitwaye Ijumaa na kuachishwa Jumatatu, atawajua lini wageni wa nyumba?

Tena kuna aibu ya chakula chenyewe. Ruiru ni mji wa utafiti wa kahawa. Mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yachukua jina la mji huu. Lakini mgeni akiagiza kahawa, mara nyingi aletewa maji ya moto na unga wa kopo. Thika yazungukwa na mashamba ya mananasi, naye apewa maji ya matunda ya paketi. Mpishi ajua mukimo, ajua githeri, ajua kuchoma mbuzi, lakini haulizwi. Orodha ya chakula yaandikwa na mtu asiyeshika sufuria.

Watajibu: hatuna fedha. Mbona za rangi zilipatikana? Tena hoteli hutozwa asilimia 2 ya mapato kwa Mfuko wa Utalii, na fedha hizo husaidia Chuo cha Utalii kilichoanza mwaka 1975. Tajiri alipaye ada hiyo asipeleke hata mtu mmoja masomoni, atupa mali yake mwenyewe.

Kwa hiyo twadai:

1. Siku ya mapumziko kila juma, bila kuomba.
2. Weita wa kutosha siku za wageni wengi, na malipo ya saa za ziada.
3. Bakshishi igawiwe wafanya kazi wote, pamoja na wa jikoni.
4. Wapishi washirikishwe katika kupanga chakula.

Ndugu, madai bila chama ni kelele. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema wafanya kazi walio wengi wakiwa wanachama, tajiri hana budi kukitambua chama. Jiandikisheni, wa sahani na wa sufuria pamoja. Mgeni akaribishwe na mtu aliyeshiba, aliyelala, anayelipwa. Huyo hahitaji kuamriwa atabasamu.

Umoja ni nguvu!