Tulinde Mitaa Yetu, Lakini Tusiwe Wauaji



Ramadhani ikifika, wezi nao huwa na ratiba yao. Watu wameenda tarawehe, taa zimezimwa, mlangoni kufuli moja tu. Wakirudi, dirisha limeng'olewa, runinga hakuna, mtungi wa gesi hakuna, hata nguo za Iddi za watoto zimebebwa. Kuanzia Kisauni mpaka Likoni na Majengo, habari hii si ngeni kwa mtu. Na isiyo ngeni pia ni ile inayofuata: kijana fulani anashikwa, watu wanajaa, na kabla hajataja jina lake tayari kuna mtu ashaenda kutafuta tairi.

Tuseme ukweli, hasira ya aliyeibiwa ni ya haki. Mama anayeuza mahamri akiibiwa mtungi wa gesi, ameibiwa kazi na riziki ya watoto wake. Hatuko hapa kumtetea mwizi. Swali letu ni moja: sisi tunaopiga kelele kila polisi wanapoua ama kupoteza vijana wetu bila mahakama, tunapata wapi mdomo wa kushangilia umati ukifanya hivyo hivyo? Aliye barabarani na jiwe mkononi hana tofauti na askari anayepiga risasi mtu aliyeinua mikono. Wote wawili wamejifanya hakimu.

Kuna wanaosema, "Si dini yetu inasema mwizi akatwe mkono?" Ndugu yangu, hukumu hiyo ni ya hakimu, baada ya ushahidi na masharti mazito. Si ya umati. Sayyidna Umar (r.a.) aliisimamisha mwaka wa njaa kwa sababu watu walikuwa na dhiki. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujadhuru watu kwa ujinga tukaishia kujuta. Na Surat Al-Maida, aya ya 32, inatufunza uzito wa kuua nafsi moja. Sasa ile sauti ya "mwizi! mwizi!" gizani, nani aliihakikisha?

Sheria ya Kenya nayo iko wazi. Raia anaruhusiwa kumshika mtu anayemwona akifanya kosa kubwa kama kuvunja nyumba, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuvunja nyumba mchana kifungo chake ni hadi miaka 7. Usiku, yaani kuanzia saa 12 na nusu jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi, ni hadi miaka 10. Adhabu ipo, na si ndogo. Katiba nayo inalinda uhai wa kila mtu katika kifungu cha 26, na kifungu cha 50 kinasema mshukiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Ukiua kwa hasira, wewe ndiye utakayepelekwa kortini kwa mauaji, na aliyekupa jiwe hutamuona.

Basi tufanye nini? Tuzuie wizi kabla haujatokea.

1. Funga mlango. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tufunge milango usiku, na yule aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee Mungu. Kufuli inayoning'inia nje inamwambia mwizi hakuna mtu ndani, kwa hivyo ukiweza tia kitasa. Acha taa moja ikiwaka. Na kama mnaenda Lamu kwa Maulidi, picha utaweka mkirudi. Si lazima mtaa mzima ujue nyumba iko tupu.

2. Mjue jirani. Mwambie unatoka na unarudi lini. Usiku wa tarawehe, vijana wachache wa kila kichochoro wapeane zamu. Tarawehe inaswaliwa hata nyumbani, na kulinda jirani ni ibada.

3. Zamu iwe na mpango. Wazee wa mtaa, imamu, watu wa Nyumba Kumi na kituo cha polisi wajue majina ya walio zamu. Beba tochi, filimbi na simu. Panga acha nyumbani. Zamu ya siri yenye silaha ndiyo inayogeuka genge.

4. Acha kununua vya wizi. Hapa vijana tujiangalie. Simu ya elfu ishirini unauziwa elfu tatu maskani, bila risiti, na unajua kabisa imetoka wapi. Wewe ndiye mteja anayemtuma mwizi. Kupokea mali ya wizi kifungo chake ni hadi miaka 14, kuzidi hata cha aliyevunja nyumba usiku! Yako nayo, piga *#06# uandike nambari yake mahali, siku ikiibiwa uwe na ushahidi.

5. Ripoti. Piga 999 ama 112, kisha nenda kituoni uandikishe na usitoke bila nambari ya OB. Ni bure. Ukiombwa pesa ama ukifukuzwa, peleka malalamishi IPOA.

6. Kundi la WhatsApp la mtaa liwe la habari, si la hukumu. Picha ya kijana na neno "mwizi" juu yake inaweza kumuua mtu aliyekuwa akipita tu.

Na tusisahau kwamba wengi wanaoiba mitungi na sufuria ni watoto wetu walioliwa na unga. Kuna kliniki za methadoni Malindi na Mombasa. Ukimjua mmoja, mshike mkono umpeleke. Aliyepona havunji dirisha la mtu.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba imani ya mtu haijatimia kama jirani yake hana amani na shari yake. Amani hiyo ni ya mwenye nyumba, alale bila hofu. Ni ya kijana anayerudi kutoka kazini saa sita usiku pia, afike kwao bila kuitwa mwizi.

Ijumaa hii, baada ya swala, wakusanyeni wenzenu kumi wa kichochoro chenu muandike zamu ya kwanza. Msingoje nyumba ya pili ivunjwe.

Wabillahi tawfiq.