Paumapo Sipo Penye Asili ya Maumivu



Mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi, nalo aghlabu hustahimiliwa kwa kunyamaza. Jambo hilo ni maumivu ya misuli yasiyokwisha: bega linalouma mwaka mzima, shingo isiyogeuka, kiuno kisichomruhusu mtu kuinuka katika sijida ila kwa kushika ukuta. Wengine husema ni uzee, wengine husema ni baridi yabisi, na wako wasemao kuwa ni kijicho cha jirani, wakamnunia jirani asiye na kosa lolote.

Sisi wenyewe tumeyaonja. Kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni, na kwa zaidi ya miaka thelathini tumekaa juu ya mkeka, kichwa tumekiinamisha juu ya misahafu, mkono wa kulia ukiandika na kuongoza vidole vya wadogo. Miaka sita iliyopita bega la kulia lilianza kutuuma kwa mbele, na maumivu yakawa yashuka mkononi. Usiku tukawa hatuwezi kulalia upande huo. Ikafika hadi ya kuwa kuinua mkono kwa takbira ya kufungia sala ni mashaka. Tulipaka kila mafuta tuliyoelekezwa, na tuliyapaka pale pale paumapo. Tukameza vidonge vya maumivu kila siku mpaka tumbo likaanza kutuwaka moto.

Lililo baya zaidi, nasi twalisema ili wengine wazingatie, ni kuwa tulikuwa wakali. Mtoto akikosea herufi moja tulimkemea kwa sauti asiyoistahiki. Siku moja mtoto wa miaka minane alikataa kurudi chuoni, na mama yake alitujia akatuambia kwa adabu, "Maalim, niwie radhi. Mtoto aogopa. Asema siku hizi Maalim hana uso wa kutazamika." Hapo ndipo tulipotambua kuwa haliumwi bega letu peke yake; chuo kizima kilikuwa kikiumwa nalo.

Tukaenda hospitali kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alitupima nguvu ya mkono, akaugeuza huku na huku, kisha akapita nyuma yetu, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kombe la bega, mahali ambapo hatukupata kupashuku hata siku moja. Tulipiga ukelele, kwani maumivu yale yale tuliyoyazoea yaliruka mbele ya bega na kushuka mkononi! Naye akasema, "Maalim, moshi uko mbele, lakini moto uko nyuma."

Maneno hayo ndiyo mlango wa elimu hii. Msuli uliofanyishwa kazi kupita kiasi, au uliokazwa kwa muda mrefu bila ya kupumzishwa, huweza kufanya uzi mgumu ndani yake kama kamba iliyovutwa. Na katika uzi huo huwamo kinundu kidogo chenye kuuma sana kibonyezwapo. Wataalamu wengi waona kuwa mahali hapo nyama ya msuli imejikunja na haikunjuki, na damu haipiti vyema. Na ajabu yake ni kuwa kinundu hicho hutuma maumivu mbali na kilipo. Kilicho juu ya bega, karibu na shingo, huweza kuumiza kichwa kwenye panda la uso. Kilicho ndani ya tako huweza kushusha maumivu mguuni hata mtu akadhani ni mshipa uliobanwa uti wa mgongo. Na kilicho katika shavu la mguu huweza kuumiza kisigino.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1938 tabibu Jonas Kellgren, huko London, alieleza jinsi alivyowadunga watu waliojitolea maji ya chumvi kali katika misuli yao, akaandika ni wapi kila mmoja ayahisi maumivu. Ikadhihirika kuwa aghlabu huyahisi mbali na palipodungwa. Baada yake alikuja bibi mmoja wa Marekani, tabibu Janet Travell, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1997. Yeye ndiye aliyemtibu mgongo John F. Kennedy tangu mwaka 1955, na mwaka 1961, Kennedy alipokuwa Rais, akawa mwanamke wa kwanza kuwa tabibu wa Rais katika Ikulu ya nchi ile. Mwaka 1983 yeye na mwenziwe David Simons walitoa kitabu kikubwa chenye kuonyesha, msuli baada ya msuli, vinundu hivyo hukaa wapi na hutuma wapi maumivu.

Twapenda kusema kweli: matabibu hawakuafikiana wote. Wako wanaobisha juu ya asili ya vinundu hivi, na wako wasemao kuwa ushahidi wa tiba yake bado haujatosha. Lakini kubonyeza kwa taratibu na kunyoosha viungo hakuna gharama, na madhara yake ni machache kwa mwenye kufuata hadhari tutakazozitaja.

Na namna yake ni hii. Kwanza, pasha moto msuli kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kwa muda wa dakika kumi. Pili, tafuta kwa ncha za vidole ule uzi mgumu, ufuate mpaka ufike mahali panapouma zaidi. Tatu, bonyeza hapo kwa nguvu ya wastani, maumivu yawe ya kuvumilika na pumzi ikienda kwa utulivu. Ukijikuta umekaza meno, umezidisha. Subiri kati ya nusu dakika na dakika moja, mpaka uhisi maumivu yapungua chini ya kidole, kisha achilia. Nne, nyoosha msuli huo polepole, wala usiuvute kwa kishindo. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Mahali pasipofikika kwa mkono, kama vile mgongoni, weka mpira mdogo wa tenisi baina yako na ukuta, ukaegemee. Mume na mke, mama na binti, waweza kusaidiana katika jambo hili, na humo mna mapenzi pia. Ikiwa baada ya kubonyeza pamechubuka, au maumivu yamezidi siku ya pili, basi punguza nguvu.

Lakini kubonyeza peke yake hakufai kitu ikiwa kilicholeta kinundu kimebaki. Sisi tulitafuta meza ndogo ya kuwekea msahafu, na tukajiwekea sharti ya kusimama kila baada ya nusu saa. Mama akunaye nazi juu ya mbuzi na abadilishe mkono, tena asikune za karamu nzima peke yake na hali mabinti wamekaa. Na nyinyi vijana, mnaoinamia simu tangu magharibi hata usiku wa manane, jueni kuwa shingo haina ubishi. Hunyamaza leo, ikadai deni lake kesho.

Sasa twaja kwenye hadhari, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Katika mtaa wetu alikuwako mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usiku mmoja alishikwa na maumivu ya kifua na mkono wa kushoto, akitoka jasho la baridi. Watu wa nyumbani walidhani ni misuli, wakamchua kwa mafuta ya moto usiku kucha, kwa mapenzi na huruma. Alfajiri haikumkuta. Ulikuwa ni moyo. Basi maumivu ya kifua, yakiwa na kukatika pumzi au jasho, hayachuliwi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Vile vile aende kwa tabibu mwenye ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, mwenye kushindwa kuzuia haja, mwenye homa pamoja na maumivu, mwenye kukonda bila ya sababu, na mwenye mguu uliovimba na kupata moto upande mmoja, kwani huenda ni damu iliyoganda, na kuuchua ni khatari. Wala usibonyeze mbele ya shingo, kwenye jeraha, au juu ya mishipa ya damu iliyotutumka. Na vidonge vya maumivu visimezwe kila siku bila ya shauri la tabibu, maana huweza kutoboa tumbo na kudhuru mafigo.

Na ambaye kwa maumivu yake hawezi kusimama katika sala, asione haya kukaa. Mtume (S.A.W.) alimruhusu sahaba wake Imran bin Husayn, aliyekuwa na maradhi, asali kwa kukaa akiwa hawezi kusimama. Rukhsa hiyo si ya kuonewa haya, wala aitumiaye si mvivu.

Ama sisi, ilichukua majuma matatu kabla hatujalala usiku mzima bila ya kuamka, na miezi kadha kabla mkono haujainuka sawasawa. Bado kinundu hurudi tukijisahau, nasi hukirudia kwa mpira na ukuta. Lakini kabla ya hayo yote tulikwenda nyumbani kwa yule mtoto, tukamtaka radhi mbele ya mama yake. Alitutazama usoni muda mrefu, kisha akauliza kama bega limepoa. Tukamwambia lapoa kidogo kidogo. Siku ya pili alikuja na mfuko wake, akakaa mstari wa mbele.

Basi, ndugu msomaji, mwenye maumivu nyumbani kwako usimwache akayanyamazia. Muulize panapomuuma, kisha msaidie kutafuta yanapotoka.