Ushauri wa Bure Nao Una Gharama

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Lakini leo nauliza: je, anayepona ni mwenyeji kweli, ama ni mgeni?

Kwetu, upande wa Bomet, kina mama wana kikundi cha kuwasomesha mayatima. Mama yangu ni mwanachama. Kila mwezi wanatoa kidogo kutoka malipo ya majani, na bonasi ikija wanaongeza. Likizo ya Agosti walijiwa na vijana watano waliomaliza chuo kikuu juzijuzi tu, wakaajiriwa na kampuni moja kubwa ili wafunzwe umeneja. Walitumwa kuwapa kina mama ushauri wa bure. Kina mama walifurahi ajabu! Kuku akachinjwa, mursik ukaletwa, na siku mbili nzima hakuna aliyekwenda kuchuna majani.

Baada ya mwezi ripoti ikaja: kurasa arobaini, Kiingereza kitupu. Nikaitwa niwasomee. Eti watafute wafadhili ng'ambo, eti waajiri mhasibu. Jamani, mhasibu alipwe na nani? Mweka hazina akaniuliza, "Sasa mwanangu, wamesema tufanye nini?" Nikakosa jibu. Ripoti iko kabatini hadi leo.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Msichana mmoja kati yao aliketi na mweka hazina jikoni usiku, akampigia mistari katika daftari: pesa zilizoingia huku, zilizotoka kule. Kwa daftari hilo kina mama waligundua kuwa mtoto mmoja alilipiwa karo mara mbili. Huo ndio ushauri!

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe huna shukrani, wale walikuja bure." Bure gani? Majani ya siku mbili yalibaki shambani yakikomaa. Nao vijana walipata mafunzo, kampuni ikapata picha nzuri. Hayo ni mapatano, si sadaka. Na katika mapatano kila upande una haki ya kusema unachotaka.

Mfano mwema tunao hapa hapa katika majani chai. KTDA na kampuni ya Unilever zilipoanzisha mashamba darasa mwaka wa 2006, wakulima hawakuachiwa kitabu. Walikutana shambani mara kwa mara, wakajaribu njia mbalimbali za kuchuna na kupogoa, wakalinganisha mavuno kwa macho yao wenyewe. Mtaalamu alikuwepo, lakini waliofanya uamuzi ni wakulima.

Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi. Mwaka wa 2023 James Finlay ilitangaza kuyauza mashamba yake ya Kericho kwa Browns ya Sri Lanka, na mwaka wa 2024 Lipton nayo ikatangaza kuwauzia hao hao. Kampuni huja, huuza, huenda zake. Kikundi cha kina mama hakina pa kwenda. Basi maarifa yasiyobaki mikononi mwao yana faida gani?

Kwa hivyo nasema, wageni waje, lakini kina mama waweke masharti. Kwanza, wageni waulize shida iliyopo kabla ya kuleta dawa. Pili, waandike kwa Kiswahili, ama waeleze kwa Kipsigis. Tatu, warudi baada ya miezi mitatu waone kama ushauri wao umefaa. Na wasije siku za kuchuna!

Wanafunzi wenzangu, msidhani nawasema wengine. Miaka michache ijayo ni sisi tutakaovaa viatu vinavyong'aa na kutumwa kwenye kikundi cha mama ya mtu. Siku hiyo tukumbuke kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuketi kwanza jikoni, tuulize, tusikize. Kisha ndipo tufungue daftari.