Fundi wa Nyalenda Asidanganywe

Mwandishi mmoja ameshauri gazetini kwamba mtu akiumia kazini amtafute wakili, aende moja kwa moja kortini, eti ofisi ya leba ni kupoteza muda. Ushauri huo unaweza kumkosesha fundi wa mjengo wa Nyalenda, Kisumu, fidia yote.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inataka dai lianzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mawakili waliipinga hadi Mahakama ya Upeo, wakashindwa Desemba 2019. Leo ukifungua kesi kwa hakimu wa Kisumu, wakili wa mwajiri hana haja ya kubishana kuhusu mkono uliovunjika. Atasema tu korti haina mamlaka, na faili litafungwa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Jibu lake lisipokufaa, kata rufaa ndani ya siku 30 katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo iko papa hapa Kisumu.

Ofisi ya Mkurugenzi huchelewa, nakubali. Lakini mbona mwandishi hakumgusa kontrakta anayekalia fomu ya ajali, ilhali sheria inampa siku 7 tu za kumripotia Mkurugenzi? Huyo ndiye humwambia kibarua hana mkataba, kumbe makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba.

Abiria wa bodaboda aliyegongwa Ring Road ni habari nyingine: hakuumia kazini, kwa hivyo huyo ndiye wa kwenda kortini, na ana muda wa miaka 3 kufungua kesi.

Wewe wa mjengo, mjulishe mwajiri ndani ya saa 24, tunza karatasi za hospitali, na uwasilishe dai kabla ya miezi 12 kwisha.