Malori Kulala Mitaani: Maegesho Yatangulie Faini

Manispaa ya Singida ipo katika ushoroba wa kati, mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma hugawanyika: mkono mmoja huelekea Nzega hadi mipaka ya Rwanda na Burundi, mwingine Babati na Arusha. Katika mji wa namna hiyo uchukuzi ni riziki ya kaya nyingi, na lori lililobeba alizeti, au vitunguu vya soko la Misuna, huweza kulala mlangoni pa nyumba ya dereva.

Mamlaka ya kulizuia ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuacha chombo barabarani kwa namna ya kuhatarisha wengine, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziwezesha halmashauri kutunga sheria ndogo. Sababu nazo zipo. Kikomo cha tani 56 kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kimekusudiwa barabara kuu. Njia nyingi za mitaa, zinazosimamiwa na TARURA, ni za udongo au changarawe. Lori zito likikata kona msimu wa mvua huvunja kalavati na kuziba mfereji, na maji huishia uani kwa jirani ambaye hana hata baiskeli. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto halipiti.

Hata hivyo, dereva halazi lori nyumbani kwa ukaidi. Likiachwa kando ya barabara kuu bila mlinzi, asubuhi hukuta dizeli imenyonywa na turubai limechanwa, na hasara hiyo aghalabu hukatwa katika ujira wake. Faini pekee itamhamisha kutoka mtaa huu hadi mtaa wa pili. Kinachotakiwa kwanza ni uwanja karibu na barabara kuu, wenye uzio, taa, mlinzi na choo, kwa ada ambayo mmiliki wa lori moja anaimudu. Hapo ndipo katazo litakuwa la haki.

Wakati huo ukisubiriwa, mwananchi ambaye njia yake imezibwa anapaswa kuanzia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa. Iwapo lori limeachwa katika hali ya hatari, taarifa ipelekwe moja kwa moja Polisi wa Usalama Barabarani, pamoja na namba ya usajili ya gari na ya tela lake, kwa kuwa hizo mbili hutofautiana.