Ushauri Mmoja kwa Majiko Yote

Imeenea baina ya matabibu, na hata baina ya wasomi wasio matabibu, kauli isemwayo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda hoja, kwamba kisukari hakina kabila, na kwa hivyo mgonjwa wa Arizona, awe Mzungu au awe mwenyeji wa asili, apewe karatasi ile ile ya ushauri, asomewe maneno yale yale kwa dakika zile zile, na akirudi baada ya miezi mitatu sukari yake ikiwa haikushuka, lawama iwe juu yake. Kauli hiyo ina sura ya insafu. Mimi naiona ni uvivu uliojipatia jina zuri.

Tuwatazame Akimel O'odham, ambao wageni waliwaita Pima, wakaao kando ya mto Gila katika jangwa la Arizona. Watu hawa kwa karne nyingi walilima kwa mifereji, wakavuna mahindi, maboga na maharage ya tepari yastahimiliyo ukame, na katika zama za mbio za dhahabu za 1849 walikuwa na ngano ya kuwatosha hata wakawauzia wasafiri waendao California. Kisha walowezi wa upande wa juu wa mto wakayageuza maji kwenye mashamba yao, na karne ya kumi na tisa haikwisha ila mifereji imekauka na njaa imebisha hodi. Baadaye serikali ikawagawia posho: unga mweupe, shahamu, sukari na nyama ya makopo. Watafiti walipoanza kuwapima katika miaka ya 1960, walikuta kisukari kwa kiasi ambacho hakikuwa kimepata kuandikwa kwa umma wowote duniani.

Mwaka 1962 James Neel, bingwa wa elimu ya urithi, alikuwa ametoa dhana kwamba yamkini miili ya baadhi ya wanadamu ilirithi ubahili wa kuweka akiba wakati wa shibe kwa ajili ya siku za njaa. Na dhana hiyo, ambayo mwenyewe baadaye aliirejea na kuirekebisha, wengine waliishika wakaifanya hukumu: ni damu yao. Walakini kule Maycoba, katika milima ya Sonora nchini Meksiko, wako Pima wa nasaba moja na hawa, waliobaki na makonde yao na kazi za mikono, na utafiti uliotangazwa 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 6.9 ya watu wazima wa huko, ilhali kwa ndugu zao wa Marekani kilikuwa asilimia 38. Urithi una sehemu yake, sikatai. Ila tofauti kubwa namna hiyo baina ya ndugu haiwezi kutwishwa damu.

Sasa mgonjwa wa Gila, ambaye babu zake walinyang'anywa mto, huketi mbele ya muuguzi mgeni na kuambiwa ale mboga mbichi kila siku, pengine duka la mboga liko mbali naye na petroli ni ghali. Hujibu, "Ndiyo," kwa adabu, akaenda zake. Na tazama mkate wa kukaanga, uliozaliwa na unga na shahamu za posho, ambao leo huliwa katika sherehe na matanga ya makabila mengi: muuguzi aukatazaye kwa dharau amewatukana waandaji wake, na yule ausifuye kuwa ni chakula cha kale cha mababu hajui tarehe. Mwenye kuwajua wenyeji atauliza huliwa lini, na nani apikaye, kisha azungumze na mpishi.

Wako wanaopinga ushauri wa kufuata hali na mila za mgonjwa kwa sababu wameona mizaha: karatasi ile ile imechorwa unyoya wa tai pembeni, ikaitwa huduma ya kimila. Hao wana haki ya kucheka. Dawa nayo ni moja, metformini haibadiliki kwa lugha ya mgonjwa. Kinachobadilika ni njia ya kuifikisha, na nani mwenye amri juu ya njia hiyo.

Mwaka 1997 Baraza la Kongresi lilianzisha mpango maalumu wa kisukari kwa wenyeji wa asili, na fedha zake nyingi zikaenda kwa makabila yenyewe, kila moja lipange kwa kadiri ya hali yake: hapa bustani, pale matembezi ya pamoja na wazee, kwingine wahudumu waliozaliwa kijijini wapitao nyumba kwa nyumba. Sambamba na hayo zahanati zikaongeza dawa za kulinda figo na vipimo vya mara kwa mara. Baina ya 1996 na 2013, kushindwa kwa figo kutokana na kisukari kulipungua kwa asilimia 54 kati ya watu wazima wenyeji wa asili wa Marekani. Sidai kwamba bustani peke yake ilifanya kazi hiyo. Nadai kwamba kidonge cha figo kilimezwa na watu waliomwamini aliyewapa.

Na pamoja na matokeo hayo, Kongresi imezoea kuurefusha mpango huo kwa vipindi vifupi vifupi, hata mhudumu wa kijijini aliyekwisha kuzijua nyumba zote hana hakika ya mshahara wa mwakani, ilhali karatasi ya ushauri mmoja haikosi fedha ya kuchapwa.