Macho Yanawasha? Angalia Kope Kwanza

Wanachuo wenzangu, kila UE ikikaribia hosteli nzima inafikicha macho. Ukiuliza, utaambiwa ni kusoma sana, au simu, au aleji. Mtu anashuka duka la dawa, ananunua matone yoyote, maisha yanaendelea. Mimi nasema wengine tunatibu tusichokijua.

Kuna utitiri unaitwa demodeksi. Siyo ule wa kuku, huu ni wa binadamu. Una miguu minane kama kupe, hata nusu milimita haufiki, kwa hiyo kwa macho matupu huuoni. Wanasayansi wanaujua tangu miaka ya 1840. Aina moja hukaa kwenye mashina ya kope, nyingine ndani ya tezi za mafuta. Watu wazima wengi tunao na wala hatuumwi. Kasheshe inaanza ukizidi: kingo za macho zinavimba na kuwasha, kope zinapukutika, na kwenye shina la kope unakuta ganda kama mba limelizunguka. Ganda hilo ndiyo dalili kubwa.

Sasa hayo matone ya kujinunulia. Yakiwa na steroidi, wekundu unaondoka fasta na unajiona umepona. Lakini ukiyatumia kiholela kwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, na uoni unaopotea kwa glakoma haurudi. Na utitiri bado upo palepale.

Najua mtasema bumu halitoshi kwenda kwa daktari wa macho. Lakini wenye bima, mbona hatuitumii? Ukifika, sema wazi: "Naomba uniangalie mashina ya kope." Anakutazama kwa darubini yake huku umeangalia chini, dakika chache tu. Tiba ipo. Mara nyingi huanza na kusafisha kingo za macho kila siku kwa utaratibu, na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha matone ya lotilaneri, maalumu kwa tatizo hili. Ila usijipake mafuta makali uliyoyaona mtandaoni. Jicho siyo ngozi ya kisigino.

La mwisho, dada zangu na hata kaka zangu: maskara moja chumba kizima, kope za bandia za kuazimana, taulo moja la uso, hapana. Sukari na chumvi tugawane, ndiyo utu. Wanja kila mtu awe na wake.